Kurasa Tatu na Mkate wa Sinia

Mimi mkate naujua. Nasema mapema ili tusisumbuane mbele. Kutoka Kismayu mpaka Burgao hakuna mtu wa rika langu atakayetia mkono ndani ya forno, tanuri ya mkate, ikiwa na moto, akautoa, akakuambia mkate uliomo umebakiza muda gani. Mimi nakuambia. Forno zangu ni tatu. Zote nimezijenga kwa mikono hii, udongo wake nimeukanyaga mwenyewe kwa miguu, na sikurithi hata tofali. Wasomi wa mji huja alfajiri na vikapu vyao, nami nawaambia, "Ngoja," na wao wanangoja.

Lakini uko mkate mmoja uliopata kuniaibisha mbele za watu, nao ulipikwa na mama yangu.

Nyumbani kwetu kisiwani Kudha hatukuwa na saa. Tulikuwa na jua, na adhana, na maji kupwa na kujaa. Hayo yalitosha kwa kazi zote za mwaka isipokuwa moja, mkate wa sinia wa Maulidi. Huo mama hakuupima kwa jua wala kwa maji. Aliupima kwa kitabu.

Kitabu chenyewe kilikuwa chetu sisi peke yetu. Babu yake baba alikitunga na kukiandika kwa mkono wake, maneno ya lugha yetu kwa herufi za Kiarabu, wino mweusi kwa beti na wino mwekundu kila mlango unapoanza. Mwezi wa Maulidi ukiandama, baba alikuwa akikiteremsha kutoka juu ya kabati na kutusomea kidogo kidogo kila alasiri, sisi wa nyumbani, mpaka siku ya kumi na moja. Siku ya kumi na mbili kilisomwa chote mbele ya wageni, na hiyo ndiyo siku ya mkate.

Mambo yalikwenda hivi. Baba alianza na sifa za Mola huko barazani, na mama jikoni akimimina unga wa mchele ndani ya sinia, uliokandwa kwa tui na iliki tangu asubuhi. Katika mlango wa nuru unga ulikuwa ukiumuka polepole, kama kifua cha mtu aliyelala. Watu wakisimama kumpokea Mtume, mama naye alisimama, akaiteleka sinia motoni. Kisha ulikuja mlango wa mama mlezi, bibi aliyemnyonyesha Mtume utotoni. Mlango huo ulikuwa kurasa tatu, na kila ubeti uliitikiwa na watu wote. Hapo mama alifunika sinia na kupalia makaa juu ya kifuniko. Mlango ukiisha baba aliinua mikono kuomba dua, na jikoni makaa yalipukutishwa, kifuniko kikafunuliwa. Mkate ulitoka na rangi ya mchanga uliolowa, juu umetuna, katikati umeiva sawasawa. Kila mwaka ulikuwa hivyo. Sikumbuki mwaka uliotoka vingine.

Nikiwa mdogo nilifikiri kitabu ndicho kinachoiva.

Na sasa niseme jambo ambalo sikupata kumwambia mtu kwa miaka mingi. Zile kurasa tatu sikupata kuzisikia. Ndizo zilizokuwa za harufu. Makaa yakishapaliwa, iliki na tui vilipita chini ya pazia la jikoni, vikaja barazani kukutana na ubani na asumini za wageni, na sauti ya baba ikawa mbali, kama mtu anayeimba ng'ambo ya maji. Mimi nilikuwa nikilala. Kila mwaka, bila kukosa, kichwa juu ya paja la mtu fulani, na katika usingizi ule mambo mazuri mno yalinijia: nyumba za unga, samaki wenye mbegu za ufuta mgongoni, mwanamke asiye na sura akinipitishia bakuli la maziwa. Nikiamka, mikono ya watu iko juu, wanasema amina, na kipande changu kiko tayari.

Katika chuo cha Kurani nilikaa mvua mbili, miaka miwili tu. Mwalimu alikuwa na fimbo ya mkaaga, nami nilikuwa na miguu. Nilikimbilia Kismayu, nikaanza kwa Mtaliani mmoja wa forno, nikipasua kuni za mikoko. Wenzangu walipasua kuni mpaka wakazeeka. Mimi mwaka wa pili nilikuwa nakanda, wa nne nikawa ndani ya moto wenyewe, na wa sita Mtaliani hakufungua mlango wa forno bila kunitazama usoni kwanza. Muulizeni mtu yeyote wa Kismayu wa wakati ule.

Mke wake, sinyora, alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono minene. Ilipokaribia Natale, Krismasi yao, alitutoa sote mezani akaoka mwenyewe. Mkate wa Natale ulikuwa mrefu kama kofia, una zabibu na maganda ya chungwa yaliyopikwa kwa sukari. Nilimuuliza mafuta yake ni ya nini, akanionyesha kibuyu cha samli ya ng'ombe aliyoinunua kwa wafugaji; zabibu akazirowesha katika maji ya chungwa badala ya divai, mbele ya macho yangu, kwa maana alijua naangalia. Nyumbani mwake alisimamisha tawi la mvinje ndani ya debe la mchanga, akalifunga nyuzi nyekundu. Alisema kwao kuna mti unaofanana na huo, na unasimama kwenye baridi. Mvinje ule ulivuma ndani ya nyumba kila upepo ulipoingia dirishani, vile vile unavyovuma pwani, nikahisi bahari imekuja kumtembelea.

Alipokwisha kuingiza mikate alikaa kwenye kiti mbele ya forno, akafungua kitabu kidogo cha sala zao, tasbihi mkononi, akasoma kwa midomo bila sauti. Hakutazama moto hata mara moja. Akafunga kitabu, akainuka, akafungua. Mikate ilikuwa imeiva.

Nilicheka. Akaniuliza nacheka nini.

"Mama yangu anafanya hivyo hivyo," nikamwambia.

Kiswahili chake alikiokota jikoni. Akafikiri, kisha akasema, "Mkate anasikia."

Mwaka ninaousimulia ndio mwaka Waitalia waliporudi kututawala baada ya Waingereza, na Maulidi na Natale vikaangukia juma moja. Na ndio mwaka baba yangu alipotangulia mbele ya haki.

Kwetu kuna kanuni ya kitabu kile, na aliyeiweka ni yule yule aliyekitunga: kitabu hukaa na asomaye. Hakirithiwi kwa umri wala kwa nyumba. Kwenye matanga ya baba, ami yangu wa Burgao, mdogo wake baba, fundi wa mashua na msomaji mzuri, aliliuliza hilo kwa upole mbele ya wazee.

"Shemeji," akamwambia mama, "kitabu kitakuwaje? Nyumba hii ina msomaji?"

 Mama alikuwa amevaa nyeupe za eda, ameuegemea ukuta, na macho yake yalikuwa kwenye kabati. Nikayaona macho yale. Mtu akikuuliza kwa nini nilisema nilichosema, mwambie ni macho yale.

"Nitasoma mimi," nikasema.

Ami akageuka. "Wewe? Si ulitoroka chuoni kwa dirisha?"

"Nilitoka kwa dirisha, ami, lakini herufi nilitoka nazo."

Watu wakacheka, msiba ukapungua kidogo. Mama peke yake hakucheka. Alinitazama kwa furaha kubwa kiasi kwamba nilitamani nirudi tena kwenye dirisha lile.

Nilikuwa na hesabu yangu kichwani. Kitabu kile nilikisikia miaka yote ya utoto, na kichwa changu, sijisifu, hushika kitu kama kulabu. Usiku wowote ungenishtua usingizini ningekusomea sifa za Mola, nuru, kuzaliwa na dua. Nitakishika, nitafunua kurasa, wino mwekundu utanionyesha mlango unapoanza, na maneno yatatoka kifuani. Nani atajua?

Nilifika Kudha na mashua ya asubuhi, siku ya kumi na mbili yenyewe. Sinyora alininung'unikia kwa kuondoka katikati ya kazi ya Natale, kisha akanifungia mkate mmoja katika kitambaa safi, wa kumpelekea mama yangu. Mama aliupokea kwa mikono miwili, akaunusa, akaugonga chini kwa kidole, akausikiliza.

"Aliyeoka huu ni mchu wa subira," akasema. Yeye maisha yake yote alisema mchu, hakuwahi kusema mtu. "Alijuaje kwamba umeiva?"

"Alikuwa anasoma kitabu chao. Alipomaliza, akafungua."

Mama akauweka mkate juu ya mkeka kwa heshima. "Basi naye amefundishwa," akasema. Halafu, "Na leo nami nitakusikiliza wewe. Baba yako alisoma kwa pumzi ndefu. Ukisoma haraka niambie mapema, nipunguze moto."

"Nitasoma kama baba."

"Kurasa za mama mlezi usizikimbilie. Ndizo za makaa ya juu."

"Sitazikimbilia, mama."

Baada ya alasiri wageni walikuja. Ami alikaa upande wangu wa kulia, juba limepigwa pasi, mikono ina harufu ya mbao. Nikafungua kitabu. Nakwambia, nilisoma! Sauti yangu ni nzuri, hilo hata maadui wangu hawabishi. Sifa za Mola nikazitoa, watu wakaitikia. Nuru nikaipandisha mpaka mzee mmoja akafuta macho. Nilifunua kurasa pale wino mwekundu uliponiita, na niliona kama mkono wa baba uko juu ya mkono wangu. Tukasimama. Marashi yakanyunyizwa. Kutoka jikoni nikasikia sinia ikikaa juu ya mafiga.

Tukakaa. Na harufu ikaja.

Ilikuja kama miaka ile yote, iliki kwanza kisha tui, ikapita chini ya pazia. Kichwa changu kikawa chepesi. Nikafunua ukurasa, nikakuta wino mwekundu, na chini yake mistari myeusi imepangana kama chungu wanaohama. Nikangoja maneno yapande kutoka kifuani. Hakuna kilichopanda. Kulikuwa na nyumba za unga, na samaki wa ufuta, na mwanamke akinipa bakuli la maziwa. Hakusema neno.

Nikajilamba midomo. Nikafunua kurasa tatu kwa mpigo mmoja, nikainua mikono, nikaanza dua.

Baadhi ya wageni walitazamana, lakini dua ni dua, imeinuliwa, utafanya nini? Wakaitikia amina. Ami hakunitazama. Aliinamisha kichwa akaangalia magoti yake mwenyewe, kama mtu aliyeona nguo ya mwenzake imepasuka nyuma.

Jikoni makaa yalipukutishwa.

Mama alikuja na sinia mpaka kwenye pazia, akaipitisha kwa dada zake, ikaja katikati ya mkeka. Juu mkate ulikuwa mweupe kama uso wa mgonjwa. Mzee wa karibu akautia kisu, na kutoka kwenye mkato ukatiririka uji.

Mzee akakipangusa kisu, akakiweka chini.

"Bwana forno," ami akasema taratibu, na nadhani alitaka kuniokoa kwa mzaha, "hivi ndivyo Waitalia wanavyokula?"

Watu wakapasuka kicheko. Mimi nikacheka kuliko wote. "Nimefupisha kidogo," nikasema. "Wageni wana safari."

Sauti ya mama ikatoka nyuma ya pazia. Haikuwa kali. "Mama mlezi yuko wapi?"

"Nimefupisha, mama."

"Basi zisome sasa, hizo ulizozifupisha. Mkate nitaurudisha motoni."

Kitabu kilikuwa wazi mbele yangu.  Upepo uliingia ukainua ukingo wa ukurasa ukaushusha, na hakuna aliyesaidia.

Mama alinawa mikono, nilisikia maji. Akaniita ndani. Alikuwa ameshika kikoi cha baba. Hakunipiga, hakunitukana, nilitamani afanye kimoja. Akaniagiza nilete kitabu, akakifunga ndani ya kikoi, kona nne, fundo moja, kisha akamwita ami kwenye pazia.

"Shemeji, chukua. Kitabu hukaa na asomaye."

"Shemeji, si lazima leo—"

"Mkate haujasema uongo," mama akasema. "Sisi tusiseme."

Mkate wa sinyora ulibaki juu ya mkeka. Hakuna aliyeukata siku ile.

Nilirudi Kismayu siku ya Natale yao. Nyuzi nyekundu zilikuwa zikicheza kwenye mvinje. Sinyora akaniuliza mama yangu amesemaje kuhusu mkate. Nikasema amesema una subira. Akafurahi mpaka akashika mashavu yake.

Sasa sikiliza mtu anavyojitengeneza. Juma lile lile nilikwenda chuo cha nyuma ya forno, kwa mwalimu mgeni asiyenijua. Kumbe si mgeni. Ni yule yule wa Kudha, amehamia mjini.

"Ah," akasema. "Umeingia kwa mlango leo."

"Nataka kusoma, maalim."

"Fimbo bado ipo."

"Nipige nayo, maalim, lakini nifundishe."

Nilikuwa na ndevu kamili. Nilikaa kila adhuhuri baada ya mikate ya mchana, unga bado masikioni. Nilichora alif na be juu ya meza ya kukandia kwa kidole, ndani ya unga, na kuzifuta kabla Mtaliani hajaona. Wengine huchukua miaka minne. Mimi nilichukua mmoja. Sisemi nilisoma kama maji. Nilisoma kama mtu anayevuka mto juu ya mawe, anaangalia jiwe kabla ya kuweka mguu. Lakini nilivuka.

Mwaka wa pili Maulidi iliitangulia Natale kwa siku kadhaa, na tawi la mvinje lilikuwa halijakatwa bado nilipoaga. Nikampitia mama Kudha, tukaenda Burgao nyumbani kwa ami, kitabu kilikokuwa. Eda yake ilikuwa imekwisha. Alikuja na sinia yake mwenyewe mapajani, imefungwa kanga, na njia nzima hakuniuliza lolote. Mimi nami, kwa mara ya kwanza maishani, sikusema ninachokiweza.

Ami alisoma siku ile. Sifa, nuru, kuzaliwa. Nilipoona anakaribia, nilimgusa goti.

"Ami. Nipe mama mlezi."

 Akakisukuma kitabu mbele yangu, akasema kwa sauti ya kufika jikoni, "Shemeji! Msomaji amebadilika. Angalia moto wako!"

"Moto wangu naujua," mama akajibu. "Palia makaa," nikamsikia akijiambia.

Nikaanza. Harufu ikaja, na sikulala. Niliweka kidole chini ya kila neno. Bibi anatoka jangwani, mwaka wa ukame, punda wake amekonda, maziwa yake yamekauka. Anampakata mtoto yatima asiyetakiwa na walezi wengine, na maziwa yanakuja. Kumbe ndiye. Kumbe ndiye mwanamke wa bakuli, miaka yote ile, sauti ya baba ilikuwa ikimleta mpaka ndani ya usingizi wangu. Nilisoma polepole, mtu angeweza kwenda kisimani na kurudi kati ya ubeti na ubeti. Waitikiaji walikauka koo. Ukurasa wa kwanza. Wa pili. Harufu ya iliki ikageuka, ikawa harufu nyingine, na moshi mwembamba wa buluu ukaingia barazani ukajinyoosha chini ya dari.

"Harakisha, bwana forno," ami akaninong'oneza, "mkate unaungua!"

Watu wakaanza kucheka kwa mikono midomoni. Mimi ni mwokaji, pua yangu inajua mkate unapokufa. Kidole kikaanza kukimbia.

"Mwacheni!" Mama hakuwa amesimama nyuma ya pazia sasa, alikuwa amelifungua, amesimama mlangoni mbele ya wanaume wote, kipepeo cha kupepea makaa mkononi. "Mwacheni asome. Asiruke hata nukta."

"Shemeji, mkate—"

"Mkate ni wangu."

Nikasoma mpaka mwisho. Ami akaomba dua, na hapo tu mama akapukutisha makaa.

Ulitoka mweusi juu na chini. Alikwangua, akakwangua, na ndani ukabaki unene wa kidole, wa kahawia, mgumu. Alikata kipande, akakitafuna mbele yetu kwa muda mrefu, meno yakisikika.

"Huu umesomwa," akasema.

Ami mwenyewe ndiye aliyekifunga kitabu ndani ya kikoi cha ndugu yake, nirudi nacho. Kabla hajakaza fundo, mama akamzuia. Yeye hakujua herufi hata moja. Miaka yote alikuwa jikoni, mikono ina unga au masizi, hakuwahi kukigusa kikiwa wazi.

"Nionyeshe," akaniambia. "Ni wapi?"

Nikafungua pale penye wino mwekundu. Akaweka kidole gumba juu ya ukurasa, akakiacha hapo.

Alama iko mpaka leo, nyeusi, imefunika maneno mawili ambayo sihitaji kuyaona. Kila Maulidi nikifika hapo wanangu huniambia niwaache waisafishe kwa tonge la mkate laini, wanasema inatoka. Najua inatoka. Mimi ni mwokaji, masizi nayajua kuliko wao.